Kukaa macho kwa muda mrefu: maana na matumizi ya kivumishi "vigilant"

Kivumishi cha Kiingereza "vigilant" humfikia msomaji wa Kiswahili kupitia milango mingi: matangazo ya usalama ya viwanja vya ndege na benki, hukumu za mahakama, maonyo ya wizara za afya wakati wa mlipuko wa ugonjwa, mahubiri, na vitabu vya saikolojia. Wengi wetu tukikutana nacho huandika "makini" au "mwangalifu" na kuendelea. Tafsiri hiyo haina kosa la wazi, lakini hulipunguzia neno sehemu kubwa ya uzito wake, kwa sababu mtu anaweza kuwa makini kwa dakika moja tu, ilhali anayestahili kuitwa "vigilant" amekaa macho kwa muda, akilinda kitu dhidi ya jambo ambalo bado halijatokea na ambalo huenda lisitokee kabisa. Muda huo wa kungoja ndio kiini cha neno, na ndio unaopotea upesi zaidi linapofasiriwa kwa haraka.

Tuanze na mtu anayetazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Kiingereza kitamwita "careful", yaani mwangalifu, na kitaishia hapo. Muuguzi aliyeketi kando ya mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, akifuatilia pumzi na rangi ya midomo yake saa baada ya saa ingawa kila kitu kinaonekana shwari, huyo ndiye "vigilant". Tofauti kati ya wawili hawa haiko katika ukubwa wa hatari, kwa kuwa barabara nayo huua. Iko katika kwamba uangalifu wa wa kwanza umeambatana na kitendo kimoja na umekwisha kitendo kilipokwisha, na uangalifu wa wa pili umeenea juu ya kipindi kizima ambamo hakuna kinachotendeka.

Mifano mingine mitatu huonyesha mipaka ya neno vizuri zaidi. Mwanafunzi anayesoma kwa saa tano bila kuinua kichwa ana umakini wa kina, tena wa muda mrefu, lakini si "vigilant", maana hakuna anachokilinda wala anachokihofia. Kwa kweli aliyezama katika kitabu namna hiyo huwa hasikii hata mlango ukifunguliwa. Aliyelala akagutushwa na kishindo, akaketi kitandani huku masikio yamesimama, ni "alert", lakini hali yake ni ya ghafla mno kuitwa "vigilant". Na anayekesha harusini hadi alfajiri yu macho, na muda anao, ila halindi chochote. Neno hudai mambo yote matatu kwa pamoja: kuwa macho, kudumu katika hali hiyo, na kuwa na jambo la kulinda au kuliepuka. Ndiyo maana wakili na mwanasiasa wa Ireland, John Philpot Curran, alipozungumza mjini Dublin mwaka 1790 kuhusu uhuru, aliiita "vigilance" ya milele kuwa sharti ambalo Mungu amempa nalo mwanadamu uhuru wake. Kauli hiyo imezungushwa sana tangu hapo, ikafupishwa, na mara nyingi ikapachikwa jina la Thomas Jefferson, ambaye si mwenyewe. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba nomino hiyo inapokea bila taabu sifa ya kudumu milele. Nomino inayomaanisha tahadhari ya kitendo kimoja isingeweza kubeba sifa hiyo.

Asili ya neno inathibitisha jambo hili. Kitenzi cha Kilatini "vigilare" kilimaanisha kukesha, na "vigil" alikuwa mtu aliye macho wakati ambapo wengine wamelala. Kaisari Augusto alipounda kikosi cha zimamoto na ulinzi wa usiku mjini Roma mwaka 6 baada ya Kristo, askari wake waliitwa "vigiles". Walikuwa vikosi saba, kila kimoja kikihudumia mitaa miwili kati ya mitaa 14 ya mji ule, na kazi yao ilikuwa kupita barabarani gizani wakitafuta moshi na wezi. Kutoka Kilatini neno lilipita katika Kifaransa, kisha likaingia Kiingereza mwishoni mwa Enzi za Kati. Hapo lilikuta maneno ya Kiingereza cha kale yenye mzizi wa mbali ulio mmoja na wake, "wake" la kuamka na "watch" la kulinda, likayaacha na kazi zao za kila siku na lenyewe likachukua nafasi ya neno rasmi, la maandishi, lenye heshima kidogo.

Ukoo wake ndani ya Kiingereza ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. "Vigil" ni mkesha, na hapa Kiswahili kimelingana na Kiingereza kwa namna ya kupendeza, kwa sababu katika lugha zote mbili neno hilo hilo hutaja usiku wa kukaa macho kwa sala na pia siku inayotangulia sikukuu. "Invigilator" ni msimamizi wa mtihani, yaani anayekaa macho juu ya watahiniwa. "Surveillance", lililopitia Kifaransa, ni kukesha juu ya mtu au mahali, na mlio wa tarumbeta uitwao "reveille", unaowaamsha askari alfajiri, umetoka katika tawi hilo hilo la Kifaransa. Msomaji anayeujua ukoo huu hahitaji tena kukariri maana ya kila neno peke yake.

Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilisaidia kulifikisha neno hili kwa watu wa kawaida. Katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 5 aya ya 8, waumini wanaambiwa wawe "sober" na "vigilant" kwa sababu adui yao huzunguka kama simba, na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema hapo, "Mwe na kiasi na kukesha". Mfasiri wa Kiswahili alichagua vema, kwa kuwa kitenzi cha Kigiriki kilicho chini ya aya hiyo kinahusu kuwa macho hasa. Jambo la kufikirisha zaidi liko katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3. Humo wafasiri wa 1611 waliandika "vigilant" kwa askofu katika aya ya 2, na "sober" kwa wanawake katika aya ya 11, ingawa neno la Kigiriki ni moja tu, lenye maana ya mtu asiyelewa. Sioni kwamba walipotoka. Mlevi hawezi kukesha zamu yake, na mipaka kati ya kuwa na akili timamu na kuwa macho ilikuwa myembamba kwao kama ilivyo kwetu tunapomwambia mtu afumbue macho tukiwa na maana kwamba atumie akili.

Majirani wa neno hili ndio wanaowachanganya wanaojifunza Kiingereza, na inafaa kuwatenganisha. "Cautious" ni mtu wa hadhari, anayesita kabla ya kutenda ili asiingie katika madhara. Methali yetu "tahadhari kabla ya hatari" imekaa upande huu. Mtu wa namna hiyo anaweza kujilinda kwa kutotoka nyumbani kabisa, akafunga mlango na kulala, naye bado akawa "cautious", ilhali hawezi kuwa "vigilant" akiwa usingizini. "Wary" huongeza shaka juu ya mtu au kitu fulani kinachojulikana, kama anayemkwepa mkopeshaji aliyewahi kumdhulumu. "Attentive" ni msikivu na mzingativu, mara nyingi kwa wema, kama mwenyeji anayewahudumia wageni vizuri, na hatari haimo. "Alert" ni wepesi wa kuona na kuitikia, hali ya mwili na akili ya wakati huu. Jina lake limetokana na msemo wa Kiitalia wa kuwa juu penye mnara wa kutazamia. Aliye karibu zaidi ni "watchful", ambalo kwa maana halina umbali wowote wa kutajika, ila ni neno la kawaida na la joto zaidi. Mama huwa "watchful" kwa mwanawe, mkaguzi wa hesabu huwa "vigilant". Kuna pia "diligent", linalofanana nalo kwa sauti tu, ambalo ni mtu wa bidii. Wanafunzi huyabadilisha mawili haya katika insha, na kosa hilo halionekani upesi kwa sababu sentensi huwa bado inaeleweka, ila inasema jambo jingine.

Kuhusu matumizi yenyewe, mkazo wa sauti uko kwenye silabi ya kwanza, na herufi "g" hutamkwa kama "j" yetu. Sisi ambao lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa kutamka "viJIlant", na inahitaji mazoezi kuuacha mvuto huo. Neno hukaa kabla ya nomino, kama katika "a vigilant guard", au baada ya kitenzi, na vitenzi vinavyolipenda ni vile vya kuwa na kubaki: "be", "stay", "remain". Huwezi kulifanya kitenzi. Anayetaka kusema "kukesha kwa ulinzi" hulazimika kutumia fungu la maneno, kama "keep watch". Vihusishi vyake ndivyo vinavyobeba maana nyembamba. "Vigilant against" hutaja adui, kwa mfano wizi au maambukizi. "Vigilant about" na "vigilant over" hutaja kinachotunzwa, kama afya au mipaka ya shamba. "Vigilant for" hutaja dalili inayotafutwa, kama homa au ufa kwenye ukuta. Kwa hiyo daktari mmoja anaweza kuwa "vigilant against infection", "vigilant about hygiene" na "vigilant for fever" kwa siku moja na kwa mgonjwa mmoja, na kila kihusishi kinaelekeza macho yake mahali tofauti.

Katika sheria neno limepata maisha ya pekee. Mahakama zilizorithi sheria ya Uingereza hunukuu kanuni ya kale ya Kilatini isemayo kwamba haki huwasaidia wanaokesha, si wanaolala. Maana yake ni kwamba mtu anayejua kuwa haki yake imevunjwa, akanyamaza miaka mingi hadi mashahidi wamekufa na upande wa pili umejenga maisha yake juu ya ukimya huo, anaweza kukataliwa msaada hata kama madai yake yalikuwa ya kweli tangu mwanzo. Kansela Mkuu Lord Camden alilieleza hilo mwaka 1767 katika kesi ya Smith dhidi ya Clay, akisema kwamba mahakama yake imekataa siku zote kuyasaidia madai yaliyochakaa ya mtu aliyelala juu ya haki yake. Hapa adui si mwizi wala simba, ni wakati wenyewe. Na "vigilant" wa mahakamani hahitajiki kukodoa macho usiku kucha. Anahitajika kuchukua hatua ndani ya muda wa kuridhisha baada ya kujua. Sharti hilo la kujua ni la haki, na ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu aliyefichwa ukweli hawezi kulaumiwa kwa kulala.

Sehemu ya mada hii ambayo naiona yenye uzito kuliko zote ni ile ya saikolojia, kwa sababu ndiyo inayojibu swali ambalo matangazo ya "remain vigilant" hayaliulizi kamwe: je, binadamu anaweza? Daktari wa neva wa Uingereza, Henry Head, alilitumia neno "vigilance" mwaka 1923 kutaja hali ya utayari wa mfumo wa neva, ule uwezo wa mwili kuitikia vyema hata kabla ya kuguswa. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na swali likawa la kufa na kupona. Wahudumu wa rada katika ndege za Uingereza walikuwa wakitazama kioo kwa saa nyingi wakitafuta alama ndogo za nyambizi, na ilionekana kwamba kadiri zamu ilivyoendelea ndivyo walivyozikosa alama zilizokuwa mbele ya macho yao. Hawakuwa wazembe, na hawakuwa wamelala.

Norman Mackworth, mtafiti wa Cambridge, alitengeneza kifaa rahisi cha kulipima jambo hili. Kilikuwa uso mweupe usio na namba wala alama, na mshale uliopiga hatua moja ndogo kila sekunde. Mara chache, bila utaratibu wa kutabirika, mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo, na kazi ya aliyeketi mbele yake ilikuwa kubonyeza kitufe kila alipouona mruko huo. Jaribio lilidumu saa mbili, mtu akiwa peke yake chumbani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba uwezo wa kuiona miruko ulishuka waziwazi baada ya nusu saa ya kwanza tu, na haukurudi juu. Walipopumzishwa kila baada ya nusu saa, kushuka huko kulizuilika.

Watafiti wamelijadili jambo hili tangu wakati huo. Maelezo ya mwanzo yalikuwa kwamba kazi hiyo inachosha kwa uchache wake, kwamba ubongo unaokosa cha kuutekenya hulegea wenyewe. Tafiti za baadaye zimeelekeza upande ulio karibu kinyume: kungoja kwa macho makavu tukio adimu ni kazi nzito ya akili, yenye msongo, inayomaliza nguvu haraka kuliko inavyoonekana kwa mtu wa nje. Sehemu nyingine ya upungufu hutokana na matarajio, maana anayekaa muda mrefu bila kuona kitu huanza kudai ushahidi mkubwa zaidi kabla hajakubali kwamba ameona. Ndiyo sababu katika mashine za eksirei za viwanja vya ndege picha za silaha bandia huingizwa makusudi katika picha za mizigo, ili jicho la mkaguzi lisizoee kwamba hakuna kitu.

Maarifa haya hubadilisha namna ya kulisoma neno. Bango linalomwambia mfanyakazi wa zamu ya usiku awe "vigilant" humtaka atoe kwa nia njema kitu ambacho ubongo wake hauwezi kukitoa kwa saa nane mfululizo, na ajali ikitokea, neno hilo hilo hugeuka kuwa shtaka dhidi yake. Naamini hilo ni dhuluma. Kukaa macho hupangwa: kwa zamu fupi, kwa watu wawili badala ya mmoja, kwa kengele zinazolia zenyewe. Wanyama wanaoishi kwa makundi walifika huko kabla yetu. Ndege wanaokula pamoja huinua vichwa kwa zamu zisizopangwa, na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo kila mmoja anavyoweza kuinamisha kichwa muda mrefu zaidi bila usalama wa wote kupungua. Wasanii wa ngao za kiheshima za Ulaya, kwa upande wao, walimchora korongo amesimama kwa mguu mmoja, mwingine umeshika jiwe, kufuatana na imani ya kale kwamba akisinzia jiwe litaanguka na kumwamsha. Mchoro huo una jina rasmi, korongo katika "vigilance" yake, na hata katika ngano hiyo ndege hategemei nia peke yake.

Neno lina pia upande wa kuzidi. Kiambishi "hyper" kikitangulia, tunapata hali ya mtu ambaye hawezi tena kuacha kulinda: anakaa akiutazama mlango, anagutuka kwa kila sauti, anatafuta hatari mahali penye amani. Hii ni miongoni mwa dalili za msongo unaofuata kiwewe, ugonjwa ambao chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutambua rasmi mwaka 1980, na huwapata askari waliotoka vitani sawa na watoto waliolelewa katika nyumba zenye vipigo. Kwao kukaa macho kuliwahi kuokoa maisha, na mwili umekataa kuamini kwamba hatari imepita. Kuwaambia watulie hakusaidii.

Ziada ya namna nyingine imo katika nomino "vigilante", ambayo Kiingereza cha Marekani kilichukua kutoka Kihispania, ambako ilimaanisha mlinzi tu. Mjini San Francisco ziliundwa kamati za "vigilance" mwaka 1851 na tena mwaka 1856, za raia waliodai kuwa vyombo vya sheria vimeshindwa, na kila kamati iliwanyonga watu wanne. Tangu hapo nomino hiyo imebeba maana ya mtu anayejichukulia sheria mikononi. Herufi moja ya mwisho inatenganisha sifa njema na tuhuma, na mwandishi akikosea hapo anamtukana aliyetaka kumsifu.

Kwa anayefasiri, hakuna neno moja la Kiswahili linalofaa kila mahali, na sidhani kwamba linahitajika. Katika tangazo la usalama, "kaeni macho" au "kaeni chonjo" hubeba amri na muda kwa pamoja kuliko "kuweni makini". Katika maandishi ya dini "kukesha" tayari limeshika mizizi. Katika hukumu ni bora kuandika "anayefuatilia haki yake kwa wakati", maana "anayekesha" peke yake humwacha msomaji akijiuliza kesi inahusu usiku gani. Katika afya, mfumo wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968 baada ya dawa ya thalidomide kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu, hufanya kazi ambayo kwa Kiingereza huitwa "pharmacovigilance", nasi tunaiita ufuatiliaji wa usalama wa dawa. "Ufuatiliaji" hapo limekaa sawa, kwa sababu linasema kwamba kazi haikuisha siku dawa iliporuhusiwa, na kwamba itaendelea kwa muda wote ambao kuna mtu anayeimeza.